Yabanane au Yaachiane Nafasi?

Tangi la matumbawe likipangwa vizuri, mwaka wa kwanza huonekana baya. Mawe matupu, mchanga mweupe, na hapa na pale kipande cha tumbawe kisichozidi kidole gumba kimebandikwa kwa gundi. Mgeni akiingia sebuleni huuliza samaki wako wapi, na mbona fedha zote hizo zimenunua maji ya chumvi. Mwenye tangi hushikwa na aibu. Kesho yake yuko dukani, ananunua vipande vingine sita vya kuzibia mapengo.

Ugomvi wa makala haya unaanzia kwenye vipande hivyo sita. Nimeuweka midomoni mwa watu watatu wa kubuni, wasio na majina, kwa sababu ninachotaka hapa ni hoja tu. Mpanzi ni kijana anayependa tangi lililojaa hadi kioo. Mpimaji ni mama wa makamo, mtu wa rula na daftari. Mzamiaji ni mzee wa pwani ya kusini ya Kenya. Hajawahi kumiliki tangi wala hana haja nalo. Tangi lenyewe ni la karatasini: urefu sentimita 120, upana 50, kina 50, yaani lita 300 kabla ya kuingiza mawe. Swali ni moja: matumbawe yapandwe yakibanana, au yaachiane nafasi? Nitawakatiza wakianza kuzunguka palepale, na sitajifanya sina upande.

MPANZI: Naanza na bahari, maana ndiyo tunayoiiga. Mwamba ulio hai umejaa. Ukielea juu yake huoni pa kuweka mguu. Hakuna aliyepita na rula akasema wewe kaa hapa, wewe sogea kule. Sasa kwa nini tangi langu liwe jangwa lenye vijiti vitatu, halafu niambiwe hiyo ndiyo sanaa?

MPIMAJI: Mdogo wangu, umewahi kuona shamba la minazi likipandwa? Miche huachiwa mita nane au tisa. Anayepita mwaka ule huona ardhi inapotea bure, na akiwa na ulimi mrefu atamcheka mwenye shamba. Arudi minazi ikikomaa, makuti yanapogusana juu. Tumbawe nalo halipimwi kwa ukubwa ulionunua. Acropora ya matawi, ikiwa na mwanga na maji ya kuiridhisha, huweza kurefuka sentimita 10 kwa mwaka na zaidi. Porites ya bonge huongeza sentimita moja hivi. Weka Acropora mbili zikitazamana kwa sentimita 15: mwaka hauishi, zimegusana. Weka Porites mbili kwa umbali huohuo: utasubiri miaka saba. Kwa hiyo anayeniuliza "sentimita ngapi?" bila kuniambia ni tumbawe gani, hajaniuliza kitu.

MZAMIAJI: Mimi nimesikia neno "umejaa" nikacheka kidogo. Kwenye miamba ya Kisite, huko kwetu, nimezamia tangu kabla ya lile joto la mwaka 1998 lililoyageuza matumbawe kuwa meupe. Anayeelea juu huona zulia. Shuka, mwanangu, weka uso karibu pale tumbawe moja linapopakana na jingine. Mara nyingi utakuta ukanda mwembamba usio na uhai, upana wa kidole au vidole viwili, mfupa mtupu au mwani umeota juu yake. Huo ni mpaka, na umechorwa kwa vita. Unaowaona si majirani waliopatana, ni waliobaki. Walioshindwa wako chini, wameshakuwa mwamba wenyewe.

MPANZI: Lakini waliobaki wanapendeza, Mzee wangu.

MZAMIAJI: Wamependeza kwa gharama isiyo yako. Tumbawe likifa Kisite hakuna aliyelilipia.

Vita anavyovitaja Mzee vimeandikwa na wataalamu pia. Mwaka 1971 mtafiti Judith Lang, aliyefanya kazi Jamaica, alichapisha habari za matumbawe ya jamii ya Scolymia ambayo wengi waliyahesabu kuwa aina moja. Yalipowekwa jirani, moja lilitoa nyuzi za tumbo kupitia ngozi yake, likazitandaza juu ya mwenzake na kummeng'enya akiwa hai. Ya aina moja hayakufanyiana hivyo. Ugomvi ndio uliotambulisha kwamba kumbe ni aina mbili. Miaka miwili baadaye Lang aliandika tena, sasa akizipanga aina nyingi za Karibi kwa ukali, na jambo likajitokeza ambalo kila mwenye tangi angepaswa kulijua kabla ya kufungua pochi: yanayokua polepole, yale manene yasiyotikisika, ndiyo mara nyingi yenye silaha kali, na yenye mbio huliwa yakiyakaribia. Dukani lakini watu huogopa yenye matawi makali na kulikumbatia bonge.

MPIMAJI: Na nyuzi za tumbo ndiyo silaha fupi. Zinafika sentimita chache tu. Ya pili ni minyiri ya usiku. Mchana unaona tumbawe lina minyiri ya milimita kadhaa, unapima, unaridhika. Taa zikizimwa linatoa minyiri mingine, myembamba, yenye vishale vya sumu vingi kwenye ncha, ikipapasa huku na huku. Galaxea fascicularis ndiyo maarufu kwa hili. Mchana ni kikuba cha nyota ndogo za kijani, mtu yeyote atalipenda. Usiku minyiri yake huweza kufika sentimita 20 na kupita. Katika tangi letu la upana wa 50, hiyo ni karibu nusu ya chumba.

MPANZI: Basi nitaliachia sentimita 20 pande zote, tumemaliza.

MPIMAJI: Hujamaliza. Pande zote hazilingani. Minyiri hiyo haijisukumi yenyewe, inabebwa na maji. Pampu ikisukuma kutoka kushoto, minyiri inalala kulia, na aliye kulia ndiye anayeungua hata kama umemwachia nafasi kubwa kuliko aliye kushoto. Nafasi ya tumbawe kali haina umbo la duara, ni umbo la yai, na ncha yake inaelekea kule maji yanakokwenda. Ukiwa na pampu mbili zinazopokezana, una mayai mawili. Ndiyo maana nasema kabla ya gundi, washa pampu, tupa majini punje chache za chakula cha samaki, utazame zinakopita.

Hapa nampa Mpimaji alama zote. Ushauri mwingi juu ya nafasi hutolewa kwa namba moja, sentimita 10 au 15, kana kwamba maji yamesimama. Hayajasimama. Tangi la matumbawe ya matawi huhitaji maji yake yote yazungushwe mara 20 hadi 40 kwa saa, wengine huvuka hapo. Kwa lita 300 ni pampu zenye jumla ya lita 6,000 hadi 12,000 kwa saa. Katika mkondo wa namna hiyo, kupanga matumbawe bila kujua maji yanakwenda wapi ni kubahatisha.

MPANZI: Nina ushahidi wangu. Nimeona matangi mangapi ambayo vipande vimewekwa karibukaribu, mwezi umepita, miwili imepita, hakuna aliyeungua!

Naomba nimjibu mimi, maana hoja hii huangusha watu wengi. Mwaka 1980 Gerard Wellington alichapisha utafiti wake wa Panama, upande wa Pasifiki, kuhusu matumbawe mawili yanayopakana: Pavona na Pocillopora. Mwanzoni Pavona hushambulia kwa nyuzi za tumbo, na Pocillopora hupata kidonda. Ukiondoka hapo utaandika kwamba Pavona ni mshindi. Lakini Pocillopora iliyojeruhiwa huanza kuotesha minyiri mirefu upande ule wa mpakani, silaha ambayo haikuwa nayo, na hatimaye yule aliyepigwa ndiye anayepiga. Tumbawe linaweza kubadili silaha zake kufuatana na jirani liliyempata, na kazi hiyo huchukua wiki nyingi. Kwa hiyo mwezi wa amani unaweza kuwa mwezi wa kunoa visu.

MZAMIAJI: Sisi tulijua kuna kuvizia, hatukujua majina.

MPIMAJI: Silaha ya tatu haionekani kabisa. Matumbawe laini, kama Sinularia na yale ya ngozi yanayofanana na uyoga mkubwa, Sarcophyton, hayana mfupa wa kujificha. Yanajilinda kwa kemikali, na kemikali hiyo inaingia majini. Baharini maji yanaichukua. Mzee, pwani yetu maji kupwa na kujaa hutofautiana kiasi gani wakati wa bamvua?

MZAMIAJI: Karibu mita nne. Maji yote hayo yanaingia na kutoka, mara mbili kwa siku.

MPIMAJI: Kwenye tangi ni lita 300 zilezile, usiku na mchana. Sarcophyton aliyeko pembe hii anaweza kumdumaza Acropora aliyeko pembe ile bila kumgusa. Hapo rula yangu haina kazi; kinachosaidia ni kaboni kwenye kichujio, ibadilishwe kila baada ya wiki chache, na skima inayofanya kazi, kile chombo cha kutoa uchafu kwa povu, na kubadilisha sehemu ya maji. Ila dawa ya kweli ni kutoyaweka pamoja.

MPANZI: Yaani nisichanganye laini na ngumu? Duka zima limechanganya!

MPIMAJI: Dukani kipande kinakaa siku chache kabla hujakinunua. Hakina muda wa kufa mle. Kinakuja kufia kwako.

Kuhusu mwanga nitapita haraka, maana watatu wote wanakubaliana. Tumbawe linaloishi kwa msaada wa mwani mdogo ulio ndani ya nyama yake linahitaji jua au taa, na linalokua juu hulifunika lililo chini. Acropora za umbo la meza na Montipora za umbo la sahani ndizo wachoyo wakubwa. Ukiziweka kileleni, baada ya mwaka mmoja au miwili chini yake pana kivuli na mawe yaliyokufa. Ziwekwe katikati ya mwinuko, pembeni, mahali ambapo kivuli chao kitaangukia mchanga. Mpanzi alinyamaza kwenye hoja hii, jambo ambalo si kawaida yake.

Alichokuja nacho baada ya hapo, lakini, ndicho kilichonifanya niandike mjadala huu badala ya makala ya kawaida ya ushauri.

MPANZI: Sawa, tuseme jirani mgeni ni hatari. Na jirani ambaye ni ndugu wa tumbo moja? Florida, kwenye maabara ya baharini ya Mote, David Vaughan na wenzake walikata tumbawe moja vipande vidogo sana, wakavibandika karibukaribu kwenye jiwe, makusudi, ili vikutane. Vikikutana havipigani. Vinatambuana kuwa ni mwili mmoja, vinaungana, na jiwe zima linafunikwa haraka kuliko kipande kimoja kingefanya. Ndivyo wanavyotibu mwamba uliokufa. Kumbe kuna msongamano unaoua na kuna msongamano unaoponya. Dada, rula yako inasemaje hapo?

MPIMAJI: Inasema uko sahihi. Lakini wawe kweli wa tumbo moja. Acropora mbili za aina moja zilizotoka kwa mama tofauti zinaweza kukataana, ukabaki na mstari wa mpaka kama ule wa Mzee.

MPANZI: Na zile Euphyllia? Ile ya nyundo na ile inayofanana na mayai ya chura, watu wanazipanda zikigusana miaka na miaka.

MPIMAJI: Hizo zinavumiliana mara nyingi, nakubali. Ile ya mwenge, Euphyllia glabrescens, usiitie katika kundi hilo. Mara nyingi inawaunguza wenzake.

MPANZI: Basi hoja yangu imesimama. Tangi linaweza kujaa.

Imesimama, ila si mahali alipodhani. Alipoanza alikuwa anatetea tangi lenye vipande 30 vya aina 30. Sasa anatetea tangi lililojaa watoto wa mama wachache. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kwa maoni yangu kati yake ndipo panapoamuliwa kama tangi litaishi. Kinachoua matangi mengi ni ukusanyaji, tamaa ya kuwa na kimoja cha kila kitu. Biashara yenyewe imejengwa juu ya tamaa hiyo. Vipande vya sentimita mbili au tatu, kila kimoja na jina lake la kupendeza la kibiashara, kila kimoja na rangi ambayo chini ya taa ya buluu inawaka na kwenye mwanga wa kawaida ni ya kahawia. Mnunuzi anarudi nyumbani na mfuko wa maadui.

MZAMIAJI: Kule kwetu kuna mahali unazamia dakika nyingi hujaona ila tumbawe la aina moja, matawi kwa matawi, kichaka kizima. Nilipokuwa kijana niliona ni sehemu isiyo na cha kutazama. Samaki lakini wamejaa humo kuliko kwingine.

MPIMAJI: Ngoja basi nichore. Tangi ni 120 kwa 50. Toa sentimita 10 kila upande ili sumaku ya kusafishia kioo ipite na maji yazunguke nyuma ya mawe. Inabaki 100 kwa 30, sentimita za mraba 3,000. Tumbawe lililokomaa tulipe duara la kipenyo cha sentimita 25. Hilo ni karibu 490 za mraba. Kwa eneo peke yake, hayazidi sita. Ukiyapandisha mawe kwa ngazi hadi ukapata eneo mara mbili, kumi na mbili. Mpanzi alitaka thelathini.

MPANZI: Kumi na mbili ya aina tofauti. Nikitumia mama mmoja, hesabu hiyo haipo.

MPIMAJI: Haipo. Ndiyo maana nimeanza kukupenda. Kushoto, jiwe refu: Acropora ya mama mmoja tu, vipande vitano au sita vya kwake, viungane. Katikati chini, mwanga mdogo kidogo na maji ya utulivu: Euphyllia za nyundo, kundi moja. Kati ya makundi hayo mawili acha bonde la mchanga, sentimita 20 kwa uchache. Kulia, jiwe dogo peke yake limezungukwa na mchanga: hapo ndipo pa yale yanayotambaa, ule mkeka wa kijani wenye polipu ndogo, au Xenia zile zinazofumba na kufumbua. Usiyaguse na mwamba mkuu hata kidogo. Ni laini, ila hayana sumu ya kutisha kama Sarcophyton, yanapanda tu juu ya kila kitu, na yakishapanda huyatoi.

Mchoro huu una uwazi mwingi, na najua utawaudhi wengine. Uwazi umekuwa mtindo, na mtindo huo una mzizi kwa Takashi Amano wa Japani, aliyefariki mwaka 2015, ambaye hakuwa mtu wa matumbawe bali wa mimea ya maji baridi. Kazi yake kubwa ya mwisho, tangi la urefu wa mita 40 kwenye Oceanário de Lisboa, ilikuwa misitu ya chini ya maji. Wapangaji wengi wa matumbawe wamejifunza kwake namna ya kuacha pengo lionekane kuwa limekusudiwa. Sina ugomvi na mtindo huo, ila pengo linalopendeza kwenye picha si lazima liwe ndilo linaloyatosha matumbawe. Nimeona picha za matangi yenye mabonde ya kupendeza, na juu ya kila kilima vipande kumi vya aina kumi vimebanana kama kawaida. Macho yanapumzika, matumbawe hayapumziki.

MPANZI: Mnasahau kwamba mimi nina koleo la kukatia. Yakifikiana, nakata. Hobi hii yote imejengwa kwa kukata! Berlin, miaka ya themanini, Dietrich Stüber alikuza Acropora kwenye tangi lake, akakata, akagawa, na waliopewa nao wakakata wakagawa, hadi tumbawe lile likaenea Ujerumani na nje yake. Kama angeogopa mkasi, tungekuwa tunavunja mwamba mpaka leo.

MPIMAJI: Sikupingi kwa Stüber. Nakuuliza wewe. Utakata mwezi gani?

MPANZI: Yakifikiana.

MPIMAJI: Yakifikiana umechelewa. Na hutakata, nakujua. Tumbawe limechukua miaka miwili kufika hapo, umelipia, limependeza, wageni wanalisifu. Utasema wiki ijayo.

MZAMIAJI: Na ukikata, mikono iwe na glavu.

MPIMAJI: Asante, Mzee. Hasa kwa zile polipu za Palythoa. Mwaka 1971 Moore na Scheuer walitangaza sumu waliyoitoa kwenye Palythoa ya Hawaii, palitoksini, ambayo ni miongoni mwa sumu kali kabisa zinazojulikana zitokazo kwa viumbe. Glavu, miwani ya kukinga macho, na usilichemshe jiwe lenye polipu hizo wala kulisugua kwa brashi na maji ya moto, maana mvuke na matone yake yamewahi kuwapeleka watu na jamaa zao hospitali. Sisemi kukutisha. Nasema kwa sababu msongamano ukishakuwa mkubwa, kukata kunakuwa kazi ya kila mara, na kazi ya kila mara ndiyo watu huacha kuifanyia uangalifu.

MPANZI: Haya. Lakini tangi lililojaa lina afya, hilo hamwezi kulikana. Matumbawe mengi yanakula uchafu mwingi, maji yanakuwa safi.

MPIMAJI: Yanakula na kalsiamu pia. Yakikua yanajenga mfupa, na mfupa unatoka majini. Tangi la Acropora lililojaa huweza kushusha alkali kwa dKH moja (ndicho kipimo chake) au zaidi kila siku, na kwa kila dKH inayoshuka, kalsiamu inapungua kama miligramu saba kwa lita. Tangi lenye vipande vichache likikosa dozi siku mbili halijali. Lililojaa, alkali ilikuwa 8, keshokutwa ni 6 na ncha za matawi zimeanza kuungua. Halafu umeme.

MZAMIAJI: Umeme ndiyo nini?

MPIMAJI: Ukikatika usiku, Mzee, pampu zimesimama, na matumbawe yote yanavuta oksijeni ileile, hayatengenezi yoyote gizani. Yakiwa machache yanafika asubuhi. Yakiwa yamejazana pamoja na samaki, hayafiki. Anayeishi mahali umeme unapokatika saa nne mfululizo, apande kwa kuhesabu saa hizo, au anunue betri ya pampu kabla ya tumbawe la kumi.

MPANZI: Hapo umenipata. Sikuwahi kuihesabu nafasi kwa oksijeni.

Mimi pia naona kwamba hoja hii ya umeme haitiliwi maanani inavyostahili, kwa sababu vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa kwa watu wa Marekani na Ulaya, ambao taa zao hazizimiki ovyo. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anayekopi tangi la Hamburg anakopi pia dhana kwamba pampu haitasimama.

MPANZI: Swali moja la pembeni. Nikishuka Shimoni na patasi, si nitapata matumbawe bure, tena ya nyumbani?

MZAMIAJI: Hapana, mwanangu. Kisite, mbele ya hiyo Shimoni, ni hifadhi ya taifa ya bahari. Hata ganda huokoti. Na matumbawe yote magumu yako kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, huvuki nayo mpaka bila kibali. Achana na sheria, nitazame mimi. Mwaka ule wa 1998 nilizamia nikakuta weupe mtupu hadi macho yanapoishia. Yaliyopo sasa ni yaliyorudi. Usiniambie kuhusu patasi.

Kimya kidogo. Mpanzi akaomba radhi, Mzee akaipokea, tukaendelea.

MPANZI: Basi nikate, nigawe, kama Stüber. Nikikosa wa kumgawia? Vipande vya ule mkeka wa kijani na Xenia havina mnunuzi, kila mtu anavyo. Bahari iko hapo chini. Si nitakuwa nimerudisha?

MPIMAJI: Usirudishe kamwe!

MZAMIAJI: Kwani vilitoka bahari hii?

MPANZI: Vingi vilitoka Indonesia, nadhani.

MPIMAJI: Venezuela, kwenye hifadhi ya Mochima, kuna tumbawe laini la jamii ya Xenia, Unomia stolonifera, ambalo asili yake ni bahari za Hindi na Pasifiki. Inaaminika lilifika kule kupitia biashara ya matangi. Sasa limefunika mwamba na nyasi za bahari, na wenyeji hawajui walitoeje, maana kila kipande kinachokatika kinaota. Kilichokuwa jirani msumbufu kwenye lita 300 kimekuwa janga la ghuba nzima. Vipande vya ziada vianikwe juani mpaka vikauke kabisa, ndipo vitupwe na takataka za nchi kavu. Na maji ya kusuuzia yasimwagwe kwenye mfereji unaoelekea pwani.

MZAMIAJI: Umesikia?

MPANZI: Nimesikia, Mzee. Kwa hiyo Acropora ya mama mmoja kushoto, nyundo katikati, mkeka kwenye kisiwa chake. Na ile Galaxea niliyokwisha kuilipia?

MPIMAJI: Umelipia?

MPANZI: Jana.

MPIMAJI: Mwisho kabisa wa upande wa kulia, nyuma ya kisiwa, maji yanakokwenda, siyo yanakotokea. Sentimita 25 pasipo na chochote. Halafu usiku, saa mbili baada ya kuzima taa, chukua tochi yenye mwanga mwekundu ukaipime upya.